Kidole Gumba cha Mama na Mausi ya Gololi

Leo ni sehemu ya tisa ya mfululizo wetu wa mwili wa mama baada ya kujifungua. Wiki iliyopita tulimaliza mgongo, nikaahidi mikono. Nimeichelewesha kwa sababu hii inanihusu mwenyewe, na ndani yake kuna mama mmoja nilimkosea.

Nianze na huyo mama.

Ilikuwa siku ya chanjo. Mwanawe alikuwa ametimiza wiki 10. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane, nimechoka, foleni imefika mlangoni. Nikiwa namrudishia kadi akaniambia, "Nesi, huu mkono unaniuma hapa. Nikimnyanyua mtoto nasikia kama kitu kinachanika." Akanionyesha kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Nikamtazama sekunde mbili. Nikamjibu, "Pole mama, uchovu wa uzazi huo, utaisha." Nikaita anayefuata. Akashukuru, akaondoka.

Mwezi uliofuata nikajifungua mwanangu wa pili. Alipofika wiki ya saba hivi, nikaanza kusikia maumivu pale pale alipoonyesha yule mama. Kufungua kifuniko cha chupa, maumivu. Kukamua nguo za mtoto, maumivu. Kumtoa mtoto kitandani, ndiyo usiseme.

Nikajiambia ni uchovu wa uzazi, utaisha. Jibu lile lile.

Siku 84 za likizo zikaisha, nikarudi kazini. Kwetu sasa tuna vitabu vya MTUHA na tuna kompyuta pia, vyote vinakusubiri. Nilipangwa meza ya usajili kwa sababu ndiyo kwanza nimetoka uzazi, wakaniona nisisimame sana. Walinihurumia kwa nia njema kabisa. Lakini kukaa pale ni kushika mausi kutwa nzima: bofya jina, bofya tarehe, bofya huduma, teremka chini, hifadhi. Jioni kidole gumba kinawaka moto.

Basi nikapata wa kumlaumu: mausi.

Jumamosi moja jioni nilikuwa namuogesha mtoto. Nikampitisha mikono chini ya makwapa, kidole gumba huku, vidole vinne kule, kama tunavyofanya wote. Nikamnyanyua kutoka kwenye beseni. Mkono wa kulia ukachomwa kama na sindano, ukaachia. Sikuamua kuachia jamani, uliachia wenyewe. Mtoto akateleza akarudi kwenye maji. Baba yake alikuwa amesimama pale na taulo, akamdaka kabla kichwa hakijagonga ukingo wa beseni. Mtoto akacheka, alidhani ni mchezo. Mimi nilikaa chini sakafuni nikalia.

Usiku ule ule nikampigia shemeji yangu. Yeye anabuni fulana na mabango, anashinda kwenye kompyuta kuliko mimi. Akaniambia, "Shemeji, achana na mausi, tafuta trakiboli."

Sasa trakiboli ni nini? Wengi wenu mmeshaiona, hamkujua tu jina lake. Ulipokwenda kupimwa ultrasaundi ya mimba, uliangalia mikono ya anayekupima? Mmoja unapitisha kile kifaa tumboni penye jeli. Mwingine uko juu ya mashine, na mara nyingi utaona unaviringisha kimpira kilichozama nusu. Anakizungusha, alama inatembea kwenye kioo, anapima kichwa cha mtoto, anapima paja. Kile kimpira ndiyo trakiboli.

Ya kompyuta ya kawaida ni hivyo hivyo. Mnakumbuka mausi za zamani, zilizokuwa na mpira tumboni? Ichukue ile, ilaze chali, uzungushe mpira kwa kidole. Kifaa hakitembei, kinakaa pale pale, mpira ndio unaozunguka na mshale unatembea kwenye kioo. Wanangu wanaiita mausi ya gololi, na mimi nitaiita hivyo hivyo. Wala si kitu kipya. Mwingereza Ralph Benjamin aliibuni mwaka 1946 kwa ajili ya kazi za rada za jeshi la wanamaji, wakati mausi ya kwanza ya Douglas Engelbart na wenzake kule Marekani ilitengenezwa mwaka 1964. Mausi ndiyo mdogo mtu hapa.

Shemeji akanitafutia moja Kariakoo. Laki moja na ishirini. Mausi ya kawaida nimezoea kununua elfu kumi na tano. Hela ile ilikuwa ya pampasi na ya kumlipa dada wa nyumbani, lakini nilikuwa bado namwona mtoto anateleza kwenye maji. Nikalipa.

Niwape sifa zake kwanza, maana ni haki yake.

Meza yangu ya usajili imejaa kadi, boksi la glovu, vitabu, chupa ya vitakasa mikono. Mausi inahitaji uwanja wa kutembea, hii haihitaji. Inakaa kwenye kipembe chake basi. Mkono wote umetulia, bega halihangaiki. Unaweza kuiweka hata kitandani au kwenye paja ikafanya kazi. Siku mbili za kwanza nilikuwa kama mtoto anayejifunza kula na kijiko, mshale unapita kulia wakati nautaka kushoto. Siku ya nne mkono ukazoea.

Na kasoro zake. Kuvuta kitu kwenye kioo huku umebonyeza kitufe ni kazi ngumu. Uchafu wa mikono unaganda pale mpira unapokalia, mpira unaanza kukwama, inabidi uutoe ufute. Kazini kwetu hiyo si hiari, kitu kinachoshikwa na watu wengi lazima kifutwe kila zamu. Na zipo nyingi ambazo ni nene kwa mbele, kiganja kinalazimika kukunjuka kwenda juu, na hiyo nayo ni shida nyingine ya kifundo.

Kasoro moja ni ya nyumbani, mama zangu isikilizeni vizuri. Ule mpira unatoka. Unasukumwa kwa chini kwa kidole au kalamu, unaruka nje. Wa kwangu ulikuwa na upana wa milimita 34 hivi. Kanuni za Marekani za vitu vya kuchezea zinakataza mpira wa chini ya milimita 44 hivi kwa watoto wa chini ya miaka 3, kwa sababu unaweza kuziba koo. Mpira laini, wa duara, una rangi nzuri, unang'aa. Niambie ni mtoto gani wa mwaka mmoja atauacha. Ukiwa nayo nyumbani, ikae juu, na mpira usiutoe mbele yake akajifunza.

Tuendelee. Je, maumivu yaliisha?

Nilifanya kama tunavyofanya wodini. Nikachukua daftari, kila jioni nikaandika maumivu kwa namba, 0 hadi 10. Wiki ya mwisho ya mausi ilikuwa 5 na 6. Siku mbili za kwanza za gololi, 4. Nikafurahi, nikamtumia shemeji ujumbe wa shukrani. Siku ya tano, 6. Wiki ya pili, 7. Siku moja nikaandika 8.

Shida ilikuwa hii, na mimi nesi mzima sikuiona: gololi niliyonunua inazungushwa na kidole gumba. Mpira uko ubavuni, vidole vinne vimelala, gumba ndilo linafanya kazi zote. Nilikuwa nimechukua kiungo kinachouma kuliko vyote mwilini mwangu nikakiongezea kazi ya saa nane. Yaani laki na ishirini ya kujiumiza.

Lakini daftari lilinifundisha na kitu kingine kikubwa zaidi. Nilikuwa naandika hadi Jumapili. Jumapili sigusi kompyuta kabisa. Nikarudi nyuma kuziangalia Jumapili zangu: 6, 6, 7. Siku ya mapumziko mkono unauma sawasawa na siku ya kazi. Sasa Jumapili nafanya nini? Namnyanyua mtoto. Namnyonyesha kichwa chake kikiwa juu ya kiganja changu kilichopinda. Nafua na kukamua. Na wakati ananyonya, mkono wa pili uko kwenye simu, kidole gumba kinapandisha na kushusha, napita picha za watu.

Kumbe mausi ilikuwa inasukuma tu gari lililokwishawashwa.

Jumatatu nikaenda kwa mtaalamu wetu wa fiziotherapia, ambaye ofisi yake iko milango minne kutoka kwangu. Milango minne! Nilikwenda hadi Kariakoo kabla ya kwenda milango minne. Akaniambia, "Sista, kunja gumba ndani ya kiganja, lifunike na vidole vinne. Sasa inamisha ngumi taratibu upande wa kidole cha mwisho." Nikaruka kwenye kiti.

Ugonjwa huu una jina la daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyeueleza mwaka 1895. Pale kwenye kifundo, upande wa gumba, kuna kano mbili zinazopita ndani ya ala nyembamba, kama kamba inavyopita kwenye mrija. Kano hizo ndizo zinazolivuta gumba kwenda nje na juu. Ala ikinenepa, mrija unabana, kila ukilitumia gumba kano zinasuguliwa. Unawapata sana mama wenye watoto wachanga. Zamani Waingereza waliuita ugonjwa wa mafuaji, kwa sababu ya kukamua nguo. Mama mchanga wa kwetu anayekamua nepi kwa mkono anazo sababu zote mbili ndani ya nyumba moja.

Alichonipa ndicho nawapa nyinyi.

Kwanza, namna ya kumnyanyua mtoto. Acha ule mtindo wa kufungua gumba na kumkamata chini ya makwapa kama unashika chungu. Badala yake mchote. Mkono mmoja chini ya makalio, mwingine nyuma ya mgongo na shingo, viganja vikitazama juu, gumba likae pamoja na wenzake. Mvute karibu na kifua chako ndipo usimame. Uzito ubebwe na mkono mzima kutoka kwenye kiwiko, usiachiwe gumba peke yake.

Pili, kunyonyesha. Weka mto, au khanga mbili tatu zilizokunjwa, mtoto alale juu yake. Kifundo kikae kimenyooka.

Tatu, kukamua nguo. Hapa nawageukia baba. Kukamua ni tiba, na daktari wake ni wewe. Baba watoto wangu alianza wiki ile ile, na nguo zinakauka haraka kuliko nilipokuwa nakamua mimi.

Nne, simu. Iweke chini, tumia kidole cha shahada.

Tano, nilivaa kishikizo kigumu kinachozuia kifundo pamoja na gumba. Angalia vizuri hapo, kile cha kifundo peke yake hakisaidii sana, gumba linaendelea kucheza. Nilikivaa wiki nne, nikikivua kuoga na kunawa mikono.

Shemeji, maskini, aliposikia akaona aibu, akaniazima gololi yake mwenyewe. Hii ni ya aina nyingine: mpira mkubwa uko katikati, unazungushwa na vidole viwili vya kati, na inashikika mkono wowote. Nikaiweka mkono wa kushoto. Wiki mbili, maumivu yakashuka: 4, 3, 3, 2. Siku moja nikaandika 1, nikaizungushia duara.

Je, ni gololi iliyoniponya? Siwezi kusema hivyo, ningekuwa nawadanganya. Wiki hizo hizo nilikuwa na kishikizo, nimebadili namna ya kubeba, sikamui, simu iko chini. Ukinywa dawa tano kwa pamoja huwezi kusifia moja. Nikafanya jaribio la mwisho: nikairudisha mausi ya kawaida, ile ya elfu kumi na tano, nikaiweka kushoto, nikakaa nayo wiki nzima. Namba haikupanda. Basi nikamrudishia shemeji gololi yake na shukrani, na hela ya kununua yangu ikarudi kwenye pampasi.

Ile ya gumba nilimuuzia mwenzangu wa uhasibu kwa bei ya hasara. Yeye shida yake ni bega, gumba lake zima kabisa. Anaipenda hadi leo, anasema nimchukulie na ya nyumbani. Kifaa kile kile, mkono tofauti.

Kwa hiyo ukiniuliza, "Nesi, ninunue?" nami nitakuuliza: panakuuma wapi, na ni lini? Kama ni bega kwa kunyoosha mkono kutwa, au meza yako haina nafasi, gololi ya aina yoyote inaweza kukufaa. Kama ni gumba, ile ya gumba iache kabisa, tafuta ya vidole vya kati, tena uazime kabla ya kununua. Na kabla ya vyote hamishia mausi mkono wa pili kwa wiki moja, hiyo ni bure. Kisha andika namba hata siku ambazo hujagusa kompyuta. Ikiwa siku hizo panauma vilevile, chanzo hakipo mezani kwako.

Na sasa uniform yangu naivaa vizuri, nisikilizeni. Kama ni ganzi na kuchomachoma kwenye gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, huo ni mshipa wa fahamu umebanwa, ni jambo jingine, njoo upimwe. Kama pamevimba, pana joto, pamekuwa pekundu na una homa, usisubiri kesho. Kama wewe ni mjamzito na mikono au uso umevimba ghafla, una kichwa kikali au unaona maluweluwe, hiyo si habari ya mausi wala gumba, nenda ukapimwe presha sasa hivi. Na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, mjamzito asijinunulie dukani, hasa mimba ikishafika wiki 20. Anayenyonyesha aulize kwanza, zipo anazoweza kutumia. Maumivu yakikataa kwa kishikizo na mapumziko, ipo sindano ya kuchomwa pale pale kwenye ala, na kwa wachache upasuaji mdogo. Wengi hatufiki huko.

Namalizia na yule mama.

Alirudi mwezi wa tisa wa mtoto wake, chanjo ya surua na rubela. Nilimtambua kabla hajafika mezani, kwa namna alivyombeba mtoto: amemkumbatia kwa mkono wa kushoto, wa kulia umening'inia tu. Nikamuuliza, "Mama, ule mkono wako?" Akashtuka. "Kumbe unakumbuka nesi?" Nikamwambia nakumbuka, nionyeshe. Gumba ndani, funika, inamisha. Hakuruka kama mimi. Alifumba macho tu, chozi likatoka.

Miezi sita na zaidi. Alikuwa na kibanda cha chapati, akakifunga kwa sababu hawezi kukanda unga. Nikamuuliza kwa nini hakurudi kutuambia. Akasema, "Uliniambia ni uchovu. Niliona aibu kuuliza tena."

Nilimwomba radhi pale pale, foleni ikisikia. Kisha nikasimama, nikampeleka mwenyewe, ile milango minne.

Kibanda amekifungua tena mwezi uliopita, mdogo wake ndiye anayekanda kwa sasa. Ameniruhusu niwaambie hadithi hii bila jina.

Mama mwenzangu, nesi akikujibu haraka kama nilivyomjibu yule mama, rudi. Uliza tena. Onyesha kwa kidole panapouma. Kama nesi huyo ni mimi, nikumbushe tu gololi.

Alhamisi ijayo tutazungumzia nywele zinazotoka kwa mafungu baada ya mwezi wa tatu. Usiku mwema, na baba, zile nguo kwenye beseni bado zinakusubiri.